Kivuli cha Upande wa Kuume

Tuseme ukweli tangu mwanzo, tusije tukagombana huko mbele: Paulin Mwape, fundi wa kuandika vibao wa mtaa wa Katuba, alijua herufi ya aina moja tu. Ilikuwa herufi nene, ya kizamani, yenye tumbo na makalio, ya zile zilizokaa juu ya milango ya baa wakati baba zetu walikuwa vijana wa suruali pana. Na kila herufi ilikuwa na kivuli chake, cheusi tii, kimelala chini yake upande wa kuume. Ukimwomba aandike bila kivuli, alikuangalia vile angekuangalia kama umemwambia aende sokoni bila suruali.

"Herufi bila kivuli iko uchi," alikuwa akijibu. "Miye siandikaka bintu uchi."

Basi tembea Katuba ujionee. Kinyozi, duka la dawa, mashine ya kusaga unga, kanisa la maombi, stoo ya saruji, choo cha shule, vyote viliandikwa na mkono ule ule, na vyote vilionekana vinauza bia. Wageni walidhani mtaa mzima ni mali ya tajiri mmoja mwenye kupenda starehe. Kwenye kituo kimoja cha afya Mwape aliandika SILENCE, yaani kimya, ukutani, karibu na chumba cha wazazi. Neno lile likatoka na furaha nyingi kiasi kwamba kila aliyeingia alilisoma kwa sauti, na waliokuwa wameketi kwenye benchi wakalirudia. Wauguzi walipaka chokaa juu yake mara mbili, kivuli kikaendelea kuonekana.

Na la Golf je? Huko Golf, kwenye majumba ya kuta ndefu, bwana mmoja alimwita amwandikie getini CHIEN MÉCHANT, watu wajue ndani kuna mbwa mkali. Mwape akaandika kwa nyekundu na njano, akatia kivuli, akarudi nyumbani ameridhika. Wiki haikuisha, watu wakaanza kugonga geti lile wakiuliza kama kuku wa kuchoma bado yupo. Mbwa mwenyewe akazoea wageni, akaacha kubweka, na yule bwana akalazimika kutafuta mlinzi.

Usidhani alifanya kwa kiburi. Mwape alijifunza kusoma kabla ya shule, akiwa ameketi kizingitini kwa baba yake aliyekuwa mfanyakazi wa reli, anatazama ukuta wa baa ya ng'ambo. A ya kwanza aliyoiona maishani ilikuwa na kivuli, akajua A zote huzaliwa nacho. Alipopelekwa shule, mwalimu akachora A ya chaki ubaoni, nyembamba, peke yake, Mwape mdogo akainua kidole na kuuliza ile nyingine imeenda wapi. Walimcheka mpaka kengele ikalia. Yeye alikuwa ameuliza kwa moyo safi kabisa.

Sasa, mtu wa namna hii anahitaji mtu wa kumsumbua, na Mungu alimpa Jeannot.

Jeannot alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake ikitazamana na ukuta wa Mwape, barabara ya vumbi katikati. Mmoja anatengeneza geti, mwingine anaandika jina juu yake. Lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko kazi. Mwape alikuwa wa ukoo wa mbuzi, Jeannot wa ukoo wa chui. Mwenye kujua mambo ya bunungwe ameshaanza kutabasamu, asiyejua nimweleze. Mbuzi na chui kwetu ni watani wa kuzaliwa. Wanatukanana asubuhi na jioni bila kosa, mmoja anaweza kuchukua kofia ya mwenzake mbele ya watu akaondoka nayo, na hakuna kununa. Na mmoja akifa, mwingine ana kazi ya lazima: kwenda kwenye kilio na kufanya ujinga mpaka wafiwa wacheke. Hiyo haina mjadala. Munungwe, huyo mtani, asipochekesha, maiti hajasindikizwa.

Kwa hiyo wawili hawa walitukanana miaka yote, na kati ya matusi yao yote lilikuwepo moja lililokomaa, la kivuli.

"Mbuzi!" Jeannot alikuwa akiita kutoka ng'ambo, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. "Kivuli yako iko upande mubaya! Jua yako inatokeaka wapi, mu mufuko?"

"Kivuli inaendaka kuume, Chui! Ata mutoto anajua!"

"Inaenda kushoto! Angalia chuma yangu!"

Chuma chenyewe kilikuwa jina lake, JEANNOT, herufi za bati alizokuwa amezikata na kuzisimamisha juu ya vijiti vifupi kwenye geti la karakana, zisiguse geti, maji ya mvua yasituame nyuma yake na kuleta kutu. Jua likipiga, jina lilitupa kivuli chake. Mwape alikataa kukitazama. Aliapa hatatazama, na alipovuka barabara kwenda kuomba moto wa sigara alivuka ameangalia mawinguni, siku moja akamkanyaga kuku.

"Geti yako imepinda," ndilo jibu lake siku zote. "Ndiyo sababu."

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Jeannot akaugua. Kifua. Alipolazwa, Mwape alienda kumwona kila siku, akamtukana kwa nguvu zake zote, na Jeannot akajibu kwa zilizobaki. Siku moja Jeannot akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mwape akaogopa.

"Mbuzi," akasema, "musalaba yangu, njo weye utaandika."

"Nani mwengine atakubali?"

"Na kivuli uweke. Nisilale mule uchi."

Kumbe siku zote hizo Chui alikuwa anasikia. "Nitaweka," Mwape akasema. "Nakuapia."

"Kushoto."

Mwape akautoa mkono wake. "Apana. Kuume."

"Musalaba ni ya nani?"

"Na brashi ni ya nani?"

Wakapandishiana sauti, Jeannot akaanza kukohoa, muuguzi akaja akamshika Mwape bega na kumtoa nje. Mlangoni Mwape akageuka akapiga kelele, "Kuume!" Jeannot, hana pumzi ya kujibu, akainua mkono wa kushoto na kuupunga taratibu, anacheka kwa macho. Asubuhi yake alikuwa amekufa.

Mwape alilia mpaka Edith, mkewe, akafunga dirisha. Kilichomuuma si kifo peke yake. Neno lake la mwisho kwa rafiki yake lilikuwa ubishi. Akajisemea kwamba jambo moja limebaki la kutengeneza: jina la Jeannot litakaa pale kaburini na kivuli chake, alivyoapa.

Basi akaenda kwenye kilio. Bache, turubai la msiba, ilikuwa imetandazwa juu ya ua, viti vya plastiki vimejaa, ndugu wa ukoo wa chui wamekaa wanamsubiri. Walipomwona anaingia wakajiweka sawa. Sasa mbuzi amefika! Atadai viatu vya marehemu, atalala chini na kusema yeye ndiye maiti, atauliza kwa nini chakula hakiivi! Mwape akawapita wote. Akakaa kwenye kiti cha nyuma, akaangalia vidole vyake.

"Munungwe gani huyu?" akanong'ona kaka wa marehemu. "Anakaa bubu?"

Mwape aliona aibu, lakini afanye nini? Utani umekauka.

Hapo Mama Ngalula, mjane, akamwita pembeni. Mama huyu watu wake wanatoka kaskazini, walikuja na reli, wakatoliki wa kusali rozari kwa saa. Mambo ya bunungwe aliyavumilia kwa sababu aliolewa nayo. Macho yamevimba, kitambaa kichwani kimenyooka.

"Ba Mwape," akasema, "najua njo weye utaandika musalaba. Sawa. Lakini uandike bila kivuli."

"Mama, Jeannot mwenyewe alisema..."

"Jeannot alisemaka bintu mingi. Unakumbuka musalaba ya yaya yangu?"

Mwape alikumbuka msalaba wa dada mkubwa wa mama huyu. Nani angesahau? Alikuwa ameuandika kwa kijani na njano, kwa mapenzi yote, na siku ya maziko mpita njia mmoja alisimama, akausoma, akavua kofia na kuuliza kama baridi iko. Alitaka chupa mbili za bia.

"Bwana yangu haiko bar," Mama Ngalula akasema, na sauti ikamvunjika. "Nataka herufi ya heshima. Kama hauwezi, Syntiche ataifanya mu mashini kule mjini, juu ya plastiki."

Plastiki! Jina la Jeannot, mtu wa chuma, kwenye plastiki! "Nitaweza, mama," Mwape akasema haraka. "Bila kivuli."

Akarudi nyumbani na nadhiri mbili tumboni, moja inaipiga nyingine.

Akachukua ubao, akaupaka nyeupe, akaanza J. Ikatoka. Akainuka kunywa maji, akarudi, akaikuta J ina kivuli. Mkono ulikuwa umeshafanya kazi yake wakati kichwa kinafikiria maji. Akaifuta. Akaanza tena, akafika kwenye E, tazama, kivuli tena. Edith akavuta kigoda akaketi karibu naye na mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu.

"Mukono!" akasema, na kumgonga.

"Lakini Edith..."

"Mukono!"

Wakaenda hivyo, herufi kwa gonga, mpaka jina likaisha. Likawa jina la kutia huruma. Zile herufi nene, bila kivuli cha kuziegemea, zilining'inia tu pale ubaoni, hazijui zisimame wapi. Mwape akaupeleka ubao kwa mjane kabla moyo haujamgeuka. Mama Ngalula aliutazama kwa muda mrefu.

"Ba Mwape, iko inaonekana mugonjwa."

"Ulisema bila kivuli, mama."

"Nilisema bila kivuli, sikusema bila afia. Bwana yangu amekwisha kufa, haiko mugonjwa tena." Akaurudisha ubao. "Kesho saa tisa tunamuzika. Kama asubui hakuna kintu, naenda kwa Syntiche."

Mwape, kwa hasira, akaenda yeye kwa Syntiche. Alitaka kuiona hiyo mashine inayotaka kumzika Jeannot. Syntiche alikuwa mpwa wa Mama Ngalula, msichana wa kucha ndefu, anachapisha mabango na kadi za harusi katikati ya mji. Alimkaribisha vizuri.

"Tata, kaa. Unataka lettre gani? Iko mingi."

Akaanza kuzipitisha kwenye kioo cha kompyuta: nyembamba, za kulala, za mikia, za maua. Mwape akawa anakunja midomo kwa kila moja. Mara akaruka kutoka kwenye kiti.

"Simama! Rudisha!"

Herufi nene. Za kizamani. Tumbo, makalio, na kivuli cheusi kimelala chini upande wa kuume. Mwape akaigusa skrini kwa kidole.

"Nani aliiba mukono yangu?"

"Tata, hakuna mwenye aliiba. Ni ya zamani hii, bantu banapenda bya zamani sasa. Angalia." Akabonyeza, bonyeza, na JEANNOT ikatokea yote mara moja, imenona, na kivuli chake. Mwape alitazama jina lile akameza mate.

"Toa kivuli," akasema.

"Haitoke, tata. Kivuli habakuipaka pembeni. Herufi banaizala nayo. Ukiita herufi, inakuja na kivuli yake."

"Haitoke kabisa? Ata mashini haiwezi?"

"Haiwezi. Labda uchague ingine."

Huyo mtu alitoka pale amenyooka mgongo! Njia nzima alitembea anasema peke yake: mashini haiwezi, na mimi nisiweze! Lakini alipofika Katuba furaha ikaisha, kwa maana Mama Ngalula angesema hivyo hivyo, chagua ingine, na Syntiche alikuwa nazo nyingi za kuchagua. Akasimama katikati ya barabara, mbele ya karakana iliyofungwa, hajui aende wapi.

Na kwa mara ya kwanza maishani akalitazama lile jina kwenye geti.

Mawingu yalikuwa yamefunika mji. Hakuna jua, hakuna kivuli. Herufi za Jeannot zilikaa kwenye geti zimetulia, safi, zina heshima ya mlango wa daktari. Mwape akasogea. Akaingiza kidole nyuma ya J, kwenye ile nafasi ndogo iliyoachwa na vijiti. Akakiacha kidole pale. Kisha akaanza kucheka peke yake, na mama aliyekuwa anauza mandazi akavuta beseni lake mbali kidogo.

Kaka wa marehemu akamfungulia karakana. Mwape akachagua kipande cha bati kilichobaki, akachukua mkasi wa Jeannot, akajikata vidole, akatukana, akaendelea. Alizikata herufi zake zile zile, nene, na matumbo yao. Akazipaka buluu, rangi moja tu. Akazisimamisha kwenye ubao mweupe wa msalaba juu ya misumari mifupi, kila moja mbali na ubao kwa unene wa kidole. Jioni ile Edith alikuja na mwiko wake kulinda mkono, akakuta hakuna cha kulinda.

"Kivuli iko wapi?" akauliza, ana wasiwasi sasa.

"Inakuja yenyewe," Mwape akasema.

Asubuhi jua lilichungulia kidogo tu. Mwape akaukimbiza msalaba uani, akauegemeza kwenye ukuta, akarudi nyuma. Kivuli kikashuka chini ya kila herufi, laini, kizuri kuliko chochote alichowahi kupaka. Na kilienda kuume.

"Kuume!" akapiga kelele, anaruka. "Umeona, Chui? Umeona sasa? Kuume!"

"Unaongea na nani?" Edith akauliza kutoka jikoni.

"Na Jeannot!"

Wingu likarudi, kivuli kikazimika, Mwape akaubeba msalaba begani kwenda msibani, anatembea haraka kabla mbingu hazijabadilisha mawazo.

Chini ya bache, kwenye mwanga wa kijivu, Mama Ngalula aliuchunguza ubao ule vile mtu anachunguza mchele. Alipitisha kidole chini ya J. Akaangalia upande, akaangalia chini.

"Kivuli haiko."

"Haiko, mama."

"Kweli?"

"Angalia mwenyewe."

Akaangalia tena, na polepole uso wake ukalegea. "Iko na nguvu," akasema. "Ni yeye. Aksanti, ba Mwape." Akaanza kulia, ameushika msalaba kwa mikono miwili. Mwape nusura aseme kila kitu pale pale. Alijiona mwizi. Akajitetea moyoni kwamba hakuna neno la uongo alilotamka, utetezi ambao wezi wote wanao.

Saa tisa wakawa makaburini. Mvua ilikuwa imeshuka mchana, udongo unanata kwenye viatu, na mbingu zilikuwa zimefungwa kabisa. Katekista akasali, jeneza likashuka, akina mama wakaimba. Msalaba ukachomekwa. Mwape alitaka kuugeuza kidogo, lakini wachimbaji walikuwa na mpango wao, misalaba yote ya mstari ule inatazama barabara na huu utatazama barabara, basi akarudi nyuma akaacha.

Na sasa alikuwa na taabu ya ajabu. Jua lisipotoka, Jeannot amelala uchi na yeye amevunja kiapo. Likitoka, Mama Ngalula atajua amedanganywa mbele ya kaburi la mumewe, na atakuwa na haki ya kumfukuza mbele ya watu wote. Alikuwa akiangalia wingu, anaangalia mjane, anarudi kwenye wingu, midomo inacheza.

"Anasali, masikini," mtu mmoja akasema nyuma yake.

Kweli alikuwa anasali. Ila hakujua anaomba nini.

Wakaanza kuweka maua. Hapo, upande wa machweo, wingu likapasuka, na jua la baada ya mvua, lile lenye kuuma macho, likamwagika juu ya makaburi yote. Ule ubao mweupe ukang'aa. Na chini ya jina la Jeannot, herufi kwa herufi, kivuli kikatoka, cheusi tii.

Wimbo ukakatika katikati. Mtu mmoja akamaka kwa mshangao, "Mawe!" na wengine wakasogea. Mama Ngalula aligeuka, akautazama msalaba, akamtazama Mwape.

"Ba Mwape. Nilisema nini?"

"Mama, miye sikupaka. Angalia rangi, ni moja tu. Ile ni jua." Akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka. "Nilimuapia, mama. Alisema asilale uchi."

Mjane akanyanyua uso kulitazama jua, akakunja macho, bila shaka kulihoji na lenyewe. Akarudi kwenye msalaba. Akasogea karibu. Akainamisha kichwa upande mmoja, na pembe ya mdomo wake ikaanza kutikisika.

"Na inaenda wapi, ile kivuli?"

"Inaenda kuu..." Mwape akaanza, na akaangalia.

Kilikuwa kimelala upande wa kushoto.

Akasugua macho. Kushoto. Akazunguka upande wa pili, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya J, akakitoa. Kushoto, herufi zote, kuanzia J mpaka T, bila hata moja ya kumhurumia.

"Apana!" akapiga kelele. "Apana, Chui, apana! Asubui ilikuwa kuume! Edith, sema! Si ulinisikia?"

"Nilikusikia," Edith akasema. "Sikuiona."

"Ilikuwa kuume! Nani aligeuza musalaba? Mutu aligeuza musalaba!" Akaanza kuuzunguka msalaba ameinama, anapima na jua kwa mkono, matope mpaka magotini, anamgombeza maiti. "Weye njo uliigeuza! Ata mule chini hautulie? Toka! Toka tuongee!"

Kaka wa marehemu ndiye wa kwanza kuangua kicheko. Alijishika mbavu. Wakafuata ndugu wote wa ukoo wa chui, na akina mama, na wachimbaji wameegemea sepetu zao. Katekista aligeuka pembeni akijifanya anakohoa. Na katikati yao Mama Ngalula, ambaye tangu mauti hakuna aliyeona hata tabasamu lake, alikuwa anacheka mpaka kitambaa kimemdondoka begani, machozi yanashuka, mkono mmoja tumboni.

"Ba Mwape," akasema alipopata pumzi, "baridi iko?"

Hapo hata Mwape akaanguka. Akakaa kwenye udongo mbichi kando ya kaburi, akacheka, na katikati ya kicheko kilio kikamshika, vikatoka vyote viwili pamoja. Mama Ngalula akaketi karibu naye, pale pale kwenye matope, na kitenge chake cha kilio. Hakumfukuza mtu.

"Amekushinda," akamwambia polepole.

Mwape akaitazama ile J ya buluu na kile kivuli chake, kimelala pale kilipotakiwa na mwenyewe. Akajifuta pua kwa mkono wenye rangi.

"Sawa, Chui," akasema. "Kushoto. Lakini kesho nitarudi asubui, tuone."